Kimeng'enya Ndani ya Mtungi wa Mniko

Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo ya kibanio, kando ya barabara ya Ogwedhi, na Mniko alipokiona alidhani macho yanamdanganya. Akapunguza mwendo wa pikipiki. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu afunge kitambaa mahali pale.

Zamani kitambaa kile kilikuwa na maana moja kwa kila mfugaji kati ya Suna na Ogwedhi: hapa yupo ng'ombe anayetaka kupandishwa, bwana mifugo asipite. Kibanio chenyewe kilikuwa ua mwembamba wa miti, wa kumshika ng'ombe asigeuke wala asirushe teke. Vilikuwa vingi kwenye barabara ile, na kila asubuhi Mniko alivipitia na mtungi wa serikali mgongoni mwa pikipiki. Ndani ya mtungi zililala mbegu za mafahali wazuri wa kituo cha serikali cha Kabete, zimetiwa kwenye mirija myembamba na kugandishwa ndani ya naitrojeni, kitu cha majimaji kilicho baridi kuliko barafu yoyote. Mwenye ng'ombe alifika mapema, amevaa shati safi, ameshika thamosi ya maji ya uvuguvugu ya kuyeyushia mbegu. Watu walisalimiana. Waliulizana habari za ndama wa mwaka jana.

Vile vibanio sasa vimekuwa kuni, zimebaki nguzo chache. Majosho yamekuwa vyoo vya mbuzi. Serikali ilitangaza kwamba mfugaji ajitegemee, ikawapunguza watu wake kazini, na mfugaji akajitegemea kwa kumrudia fahali wa jirani, yule aliyekonda mbavu nje na kubeba kila maradhi ya malisho. Wasomi wa Nairobi waliyaita hayo maendeleo.

Mniko alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, mtu mfupi, mpole, asiyependa kelele, na kazi ile ndiyo pekee aliyoijua. Ofisi ilipopiga mnada viti vyake vibovu na makabati yenye kutu, mtungi nao ukapigwa mnada, na Mniko akaununua pamoja na ile pikipiki. Alipofika navyo nyumbani Suna, mkewe Kezia alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Wenzako wanarudi na kiinua mgongo," alisema. "Wewe umerudi na sufuria."

"Si sufuria, Mama Sammy. Ni mtungi."

"Unapika ndani yake?"

"Hapana."

"Basi ni mbaya kuliko sufuria."

Tangu siku hiyo alifanya kazi peke yake, kwa wale wachache waliokuwa wakimkumbuka. Naitrojeni ilipatikana kwa shida, ikiletwa kutoka mbali, na alijifunza kuufungua mtungi kwa ubahili, maana kila ukifunguliwa baridi ilitoka kama moshi na kwenda zake. Watoto wa Uriri walimpa jina. Wakisikia pikipiki walikimbia barabarani wakipiga kelele, "Rwath! Rwath!" Neno hilo kwa Kijaluo ni fahali. Aliwapungia mkono. Wazazi wa watoto hao walikuwa wakimwita Daktari, lakini adabu nayo ilikuwa imekwenda na vibanio.

Kwa hiyo alipokiona kitambaa alisimamisha pikipiki, akavua kofia yake ya chuma, akaangaza macho kutafuta ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe. Palikuwa na mwanamke kijana aliyekaa juu ya gogo, amekumbatia kasha la samaki, lile jeupe la kuhifadhia barafu.

"Ng'ombe yuko wapi?" Mniko aliuliza.

"Hakuna ng'ombe, baba. Kitambaa nimefunga mimi." Akasimama. "Sikujua nyumba yako huko Suna iko wapi. Nikakumbuka hii. Mimi ni Lynnet, mtoto wa Benta."

Mniko alimtazama vizuri. Alimkumbuka Benta kabla ya kumkumbuka binti. Benta alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja wa kienyeji, na katika miaka yote ile hakukosa hata asubuhi moja kuwa na maji ya uvuguvugu. Thamosi ililetwa na mtoto wa kike, mdogo hata ikabidi aibebe kwa mikono miwili. Ndama wa kwanza alipozaliwa, mwenye madoa na masikio mapana, Benta alimpa jina la Nyar Mniko, yaani binti wa Mniko. Kijiji kizima kilicheka. Mniko mwenyewe alikwenda nyuma ya zizi kufuta macho.

"Wewe ndiye wa thamosi," alisema.

"Ndiye mimi."

"Na Nyar Mniko?"

"Alikufa mzee, baba. Lakini mjukuu wake yupo, ana ukali uleule." Kisha uso wake ukabadilika. "Nina shida. Mtungi wako bado una naitrojeni?"

Alimweleza pale pale kando ya barabara, ameketi tena juu ya gogo, kasha likiwa magotini mwake. Alikuwa mtafiti katika maabara ndogo huko Homa Bay, ya watu wanaochunguza kichocho, ule ugonjwa wa minyoo ambao watoto wa ziwani huupata majini. Transfoma ya umeme ilikuwa imeungua, jenereta ya maabara nayo ikakataa kuwaka, na friza kubwa ilikuwa inapoteza baridi yake saa kwa saa. Vitu vingi vya mle ndani vingeweza kupatikana tena. Kimoja hakingepatikana. Akafungua kasha kidogo. Katikati ya barafu ya samaki iliyochanganywa na chumvi palikuwa na kichupa cha plastiki, hakizidi kidole cha mwisho cha mkono.

"Hiki ni nini?"

"Kimeng'enya. Cha binadamu."

Mniko alirudi nyuma nusu hatua. "Kimetolewa kwa nani?"

Lynnet akacheka, mara ya kwanza. "Hakikutolewa kwa mtu. Kila mtu ana maagizo ya kukitengeneza mwilini mwake, hata wewe. Wataalamu walichukua maagizo hayo wakayatia ndani ya bakteria, na bakteria wakayafuata bila kuuliza. Wanakitengeneza kingi, kinasafishwa, kinatiwa kwenye chupa. Mwalimu wangu ng'ambo ndiye alikitengeneza, akanipa kama zawadi nilipomaliza masomo. Hapa hatuna mashine za kukitengeneza."

"Na kinafanya nini?"

Alifikiri kidogo, akitafuta mahali pa kushika. "Unakumbuka ulivyokuwa unatia herini ya bati kwenye sikio la ndama?"

"Alama ya daftari la serikali. Nakumbuka."

"Herini haimbadilishi ndama. Ni bati tu. Lakini mwenye kuiona anajua huyu apelekwe wapi, achanganywe na nani. Sasa ndani ya mwili protini ndizo zinafanya kazi zote, na hiki kimeng'enya kazi yake ni kuzibandika alama. Alama ndogo sana inaitwa methili. Protini ikishapata alama, inakwenda mahali pengine, inashikana na wenzake wengine. Mimi nataka kujua jambo moja. Mnyoo wa kichocho anaishi ndani ya damu yetu miaka na miaka. Je, protini zake zinakubali alama yetu?"

Mniko aligusa sikio lake mwenyewe. Alikuwa ametia herini masikio mengi kuliko alivyoweza kukumbuka, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi hiyo inafanyika pia ndani ya damu yake, bila bati na bila koleo.

"Kikipata joto?"

"Kinakufa. Na kikifa, baba, mimi narudi kuhesabu mayai ya minyoo kwenye darubini mpaka nizeeke. Nimepewa mwaka huu mmoja wa kuuliza swali langu. Friji za chanjo za hospitali hazifikii baridi inayotakiwa. Nilipokuwa nawaza nani Nyanza nzima ana naitrojeni, nikaikumbuka pikipiki yako."

Mniko akafungua mtungi. Moshi mweupe ukamwagika mpaka miguuni mwao. Alikuwa na vikombe virefu vyenye mpini vya kutumbukiza mirija. Akachagua kimoja kitupu, akakitia kile kichupa, akakining'iniza peke yake.

"Kisikae na mafahali," alisema kwa uzito wote, na Lynnet akacheka tena huku akijifuta machozi.

"Kisiyeyuke mpaka kifike kwangu. Hilo tu, baba."

"Hakitayeyuka."

Nyumbani, Mniko aliuweka mtungi pembeni mwa kitanda, akaacha kuufungua. Maana yake ni kwamba aliacha kazi. Watu walikuja kumwita, Ombui wa karibu na mto alikuja mara mbili, na kila aliyekuja alijibiwa kwamba mtungi umefungwa kwa sasa. Naitrojeni iliyobaki ilikuwa kidogo, na Mniko hakutaka kuipoteza kwa ajili ya ng'ombe ambaye angeweza kungoja joto lake la mara nyingine.

"Umeweka nini humo?" Kezia aliuliza. "Roho yako?"

"Kitu cha binadamu."

Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka, lakini lilitosha. Kezia alimsimulia Bonareri, jirani yao muuza ndizi, na Bonareri hakuwa mtu wa kulala na habari. Kabla ya siku ya soko kupita Suna yote ilikuwa na hakika kwamba Mniko amewaacha ng'ombe na sasa atapandisha watu. Wanawake wawili walimsimamisha karibu na posho mili, penye kusagwa unga.

"Daktari, na sisi je? Mbegu ni ya wapi? Ya warefu?"

"Usimwulize, mwenzangu, ataleta ya kwao Kuria, tuzae watu wafupi!"

Mniko alipita akitabasamu kwa aibu. Hakuwajibu, lakini moyoni alifurahi, jambo lililomshangaza. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu mzima yeyote amtanie barabarani kwa sababu ya kazi yake. Usiku na mchana alikuwa akiweka kiganja juu ya mfuniko wa mtungi, kama mtu anayegusa paji la uso wa mtoto mgonjwa, tofauti ikiwa kwamba yeye alitaka baridi.

Habari ya umeme kurudi ililetwa na Risper, mwanamke aliyekuwa akileta samaki wa Homa Bay kwenye soko la Migori. "Mtoto wa Benta anasema stima iko, jenereta pia wametengeneza," alimwambia akiwa anamwaga barafu. "Anasema uje nacho polepole."

Alikwenda polepole. Aliufunga mtungi kwa mipira ya baiskeli na blanketi la Kezia, akapita Rongo, akapita Rodi Kopany ambako wachuuzi walimtupia macho, akashuka kuelekea ziwani huku amekaa wima kama mtu aliyebeba mayai. Maji ya ziwa yalikuwa yamefunikwa na gugu-maji la kijani, kama shamba ambalo hakuna aliyelipanda. Mniko, ambaye hakuwa mtu wa maji, aliona huzuni hata hivyo. Mitumbwi ilikuwa imelala ufukweni bila kazi, kama vibanio vyake.

Maabara ilikuwa nyumba ndefu ya bati nyuma ya majengo ya zahanati. Lynnet alimpokea kwa mikono miwili. Alimkalisha kwenye kiti kirefu cha kuzunguka, akamletea soda, akamtambulisha kwa mwenzake, kijana mwenye miwani aitwaye Tony.

"Huyu ndiye Daktari Mniko."

"Yule wa ng'ombe?"

"Huyohuyo. Ndiye friza yetu."

Tony akaenda stoo kutafuta vichupa. Lynnet akaingia chumba cha pili kuangalia kama friza imefikia baridi inayotakiwa. Mniko akabaki peke yake na soda yake. Alitazama vyombo, asiguse kitu. Kisha akaliona beseni.

Lilikuwa beseni la chuma juu ya meza, lenye maji safi, na ndani yake kipimajoto. Mniko aliinama kusoma. Joto la mwili wa mtu, halijazidi wala kupungua. Aliyajua maji yale. Alikuwa ameyatumia maisha yake yote. Moyo wake ukajaa: kumbe mtoto wa Benta hajasahau. Amesoma, amevuka bahari, ameketi na maprofesa, na bado amemwekea mzee maji ya uvuguvugu yakimngoja, kama asubuhi zile.

Mikono yake haikuomba ruhusa. Ilifanya ilivyofunzwa Kabete na ilivyofanya kwenye kila kibanio kuanzia hapo. Katika kazi yake mtu hakabidhi kitu kilichoganda. Huo ni uzembe, mwalimu wao alikuwa akiwafukuza darasani kwa ajili yake. Mfuniko ukafunguliwa, kikombe kikapanda, kichupa kikatoka na kuingia majini, kikatikiswa taratibu. Barafu ya ndani ikawa nyeupe, ikawa kijivu, ikapotea. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa safi cha mfukoni, akakificha kwapani kisipigwe na upepo. Lynnet aliporudi, Mniko alisimama na kumnyooshea kichupa kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtu anavyompa mgeni wa heshima.

"Kipo tayari, mwanangu."

Lynnet alikipokea. Alikiona kina majimaji yanayotembea. Akatazama beseni, akatazama matone ya maji mezani.

 Tony ndiye aliyesema, akiwa mlangoni na boksi mkononi.

"Mzee! Umeyeyusha? Umeyeyusha? Hiyo ni kazi ya mwaka mzima umeua!"

"Tony," Lynnet alisema.

"Lakini si uliambiwa..."

"Aliambiwa kisiyeyuke mpaka kifike kwangu. Kimefika kwangu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Lete barafu. Lete vile vichupa vidogo vyote. Baba, usifunge mtungi wako. Bado una naitrojeni?"

Mniko alichungulia.  Alitikisa kichwa kukubali: ilikuwa imebaki chini kabisa, kama uji wa mwisho wa sufuria, lakini ilikuwapo.

Walifanya kazi haraka. Lynnet alikiweka kichupa kwenye barafu, akaanza kukigawa tone kwa tone katika vichupa vidogo visivyozidi punje ya hindi. Baadaye Mniko alikuja kuelewa kwamba kukigawa kulikuwa kwenye mpango wake tangu mwanzo, ili kila mwezi atumie kipande kimoja na vingine vibaki vimeganda. Lakini angekiyeyusha taratibu, juu ya barafu, si ndani ya maji ya uvuguvugu na kwapa la mzee; beseni lile lilikuwa la vipimo vyao vya kila siku. Tony alifunga vifuniko. Mniko ndiye aliyevipokea, kimoja kimoja, akavitia kwenye kikombe chenye mpini na kuvishusha mpaka chini ya mtungi, na kila kimoja kilipogusa naitrojeni kililia kwa sauti ndogo kama mafuta ya kukaangia. 

Vilipoisha Lynnet alikaa chini. "Kimoja nimekiacha," alisema. "Nitakipima leo. Nitakipa protini ninayoijua, ile inayokubali alama siku zote. Kikiwa hai kitaibandika. Alama zenyewe nimezitia mnururisho kidogo, hazionekani kwa macho, lakini filamu ya eksirei inaziona. Filamu nitaiacha gizani siku kadhaa. Ikitoka nyeupe tupu, kimekufa."

"Na kikifa?"

"Kikifa nitakwambia, baba. Sitakuficha."

Mniko alitaka kusema samahani, lakini kwa Kiswahili neno hilo lilimwonekea dogo, la kumwambia mtu uliyemkanyaga sokoni. Kwa Kikuria lilikuwapo neno kubwa zaidi, lakini Lynnet asingelijua. Basi akaichukua kofia yake ya chuma mezani, akaiweka chini mbele ya miguu ya Lynnet, akasimama hivyo kichwa wazi. Lynnet aliinama, akaiokota, akamrudishia.

"Mtungi uache hapa mpaka vigande vyema. Nenda nyumbani kabla ya mvua," alisema. "Ero kamano, baba." Asante. Na kwa namna alivyolisema, Mniko hakuweza kujua kama ni asante ya kumshukuru au ya kumfukuza.

Njiani hakuona Rodi Kopany wala Rongo. Nyumbani alikalia kiti kilekile mpaka jioni, na Kezia, ambaye kwa kawaida hakukosa la kusema, aliweka chakula mbele yake na kukiondoa bila kuguswa. Siku ya pili alimwuliza, naye akasimulia yote, beseni, kwapa na mengine.

Kezia alisikiliza. "Ingekuwa mimi," alisema mwishowe, "ningeyeyusha pia."

"Usinidanganye, Mama Sammy."

"Sikudanganyi. Mtu anakuwekea maji, unaacha kuyatumia?" Akakaa karibu naye, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mchana. "Na tena huyo mtoto alikuwa na shida akakutafuta wewe. Watu wangapi wa ofisini kwenu wanajua leo uko hai? Kula."

Alikula kidogo. Alijua mkewe amesema kweli. Katika miaka ile yote hakuna bosi aliyepita kumjulia hali, hakuna aliyeuliza mtungi uko wapi. Msichana mmoja tu alikuwa amekaa juu ya gogo akimngoja, kwa imani kwamba kitambaa bado kina maana. Kama kichupa kimekufa, Mniko aliwaza, basi na mtu wa mwisho aliyeniamini nimemlipa hivyo. Aliona afadhali angeuacha mtungi mnadani pamoja na viti.

Alingoja. Hakuna habari iliyokuja. Risper alikuja sokoni na samaki wake na hakuwa na ujumbe. "Nimemwona, hajasema kitu," alisema, na hilo lilikuwa baya kuliko habari mbaya. Mniko akaanza tena kupita barabara ya Ogwedhi, si kwa sababu ya kazi, maana naitrojeni ilikuwa imebaki Homa Bay pamoja na mtungi. Alipita kwa mazoea. Mtu aliyezoea barabara huumwa miguu asipoipita.

Na asubuhi moja kitambaa kilikuwapo.

Alikiona kwa mbali, na mwili wote ukawa mzito. Alifikiria kugeuza pikipiki. Atamwambia tu, alijisemea. Ameahidi hatanificha. Akaenda mpaka kwenye kibanio, akazima injini.

Walikuwa watatu. Lynnet alisimama na bahasha pana ya kaki. Benta, mama yake, amezeeka na kunenepa, alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Na ndani ya kibanio, ambacho mtu alikuwa amekitia miti mipya na kukifunga kamba mpya, alisimama ng'ombe mwenye madoa na masikio mapana, akimtazama Mniko kwa chuki ya ukoo.

"Daktari," Benta alisema. "Umepotea sana."

"Nimekuwapo, Min Lynnet. Ninyi ndio mlipotea," alisema Mniko, akimwita kwa Kijaluo mama wa Lynnet.

"Ni kweli," alisema Benta. "Ni sisi."

Lynnet hakungoja salamu ziishe. Alitoa filamu kwenye bahasha na kuiinua juu kuelekea jua, kama wanavyofanya waganga wa hospitali na mfupa uliovunjika. Mniko alikaribia. Filamu ilikuwa ya kijivu, kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Aliitazama juu, akashuka chini, akitafuta, na moyo ukimwambia nyeupe, nyeupe tupu. Kisha kidole cha Lynnet kikafika mahali, na palikuwa na mstari. Mfupi, mweusi, umelala kama mkato wa wembe.

"Hiyo ni nini?"

"Hizo ni herini, baba. Kimezibandika."

"Kiko hai?"

"Kiko hai. Kimechoka kidogo, hakina nguvu zote za zamani. Lakini kiko hai, na vipande vyake vyote vimelala kwenye friza. Nilirudia kupima mara ya pili kabla ya kuja, ndiyo maana nimechelewa. Sikutaka kukuletea furaha ya uongo."

"Na mnyoo? Anakubali alama?"

"Hilo bado sijui. Ndiyo kazi ya mwaka." Akatabasamu. "Lakini nitajua. Ni kimeng'enya cha binadamu, baba, joto la mwili ndiko nyumbani kwake. Kukaa humo kidogo hakukukiua. Na tulikuwa na naitrojeni yako pale pale ya kukigandisha tena. Ingekuwa friza tu, kingeganda polepole, nadhani ningekipoteza."

Mniko akajifuta uso kwa kiganja. Aliangalia upande wa barabara, ambako watoto walikuwa wamekusanyika. Mmoja alifungua mdomo kupiga kelele, Benta akamtazama, na mdomo ukafungwa.

"Mtungi wako nimekuletea," Lynnet alisema. Ulikuwa chini ya kivuli cha ua, umefunikwa na blanketi la Kezia lililofuliwa na kukunjwa. "Maabara imepata naitrojeni kutoka Kisumu. Nimewaambia mtungi huu ndio uliookoa kazi, wakaujaza. Wamesema wakiletewa tena, utajazwa tena, ila kwa sharti kwamba stima ikipotea tunakuja kwako."

"Hata bila sharti."

"Nilijua utasema hivyo. Tony anakusalimia. Anasema samahani kwa kelele."

Mniko akapiga magoti kando ya mtungi, akafungua mfuniko, na moshi mweupe ukamwagika kwenye nyasi kama zamani, mwingi, usio na ubahili. Mirija yake yote ilikuwamo, mafahali wake wote. Aligusa kingo za mtungi, kisha akakaa hivyo kwa muda, ameinamisha kichwa, na aliyemwona angedhani anachungulia ndani. Alikuwa anashukuru. Alimshukuru Mungu kwanza, kwa Kikuria, kisha kwa mpangilio ambao hakuupanga akamshukuru Benta, na Kezia, na ng'ombe wa kwanza aliyemzaa Nyar Mniko, na hata ule mnada.

"Daktari," Benta aliita, "ng'ombe ana joto tangu jana. Wewe unasali?"

"Nakuja, Min Lynnet."

Alichagua mrija, akauinua. Lynnet alikuwa tayari amesimama mbele yake, ameshika thamosi kwa mikono miwili. Mniko alisita. Alimtazama usoni, mrija ukitoa moshi kati ya vidole vyake.

"Huu niuyeyushe?"

"Huo yeyusha, baba," alisema Lynnet, na Benta akacheka mpaka ng'ombe akageuza masikio.